Utetezi wa Paka Mzururaji

Mashtaka dhidi ya paka wa mtaani yanafahamika hata kwa asiyefuga. Ameiba changu aliyekuwa kwenye ungo akisubiri kukaangwa. Amelala juu ya kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa, akaiachia manyoya ya kutosha kumvika paka wa pili. Amezaa katika kabati la jirani, juu ya shuka za wageni, na huku kwao ametandikiwa kikapu makusudi. Ametembea juu ya saruji mbichi, na nyayo zake zitabaki ukumbini mpaka nyumba ibomolewe. Saa tisa za usiku amegombana na mwenzake juu ya bati, mtaa mzima ukaamka kuuliza nani kafiwa. Kwa makosa yote hayo hukumu huwa moja, nayo husomwa mlangoni kwa sauti ya kusikika nyumba tatu: “Mfungieni paka wenu!” Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki, na ubaya wake mkubwa haumpati paka, unatupata sisi. Paka anayezunguka mtaa ni miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki vinavyotulazimisha kubisha hodi kwa watu tusiowahitaji. Fujo zake ni ada ya ujirani, na ukilinganisha na ada nyingine tunazotozwa siku hizi, hii bado ni nafuu.

Tuanze na hilo neno la uzururaji, maana mashtaka yote yamejengwa juu yake. Watu hudhani paka akitoka mlangoni amekwenda asikojua mtu, pengine mji wa pili, pengine ana mke wa siri. Watafiti wamemfuata na kukuta mambo ya kawaida kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, paka 925 wa kufugwa katika nchi sita walifungwa vifaa vya GPS shingoni, na ikaonekana kwamba wengi wao hutumia muda wao mwingi ndani ya mita 100 hivi kutoka kwao. Miaka saba kabla ya hapo, BBC na wataalamu wa vyuo viwili vya Uingereza walikuwa wamewafunga paka 50 wa kijiji cha Shamley Green vifaa kama hivyo, na baadhi yao kamera ndogo. Picha zikaonyesha jambo ambalo mama yeyote wa Pwani angewaambia bure: paka aliyekula kwao anaingia kwa jirani na kula tena. Basi huyu si mzururaji. Ana eneo lake, ana mipaka yake, ana ratiba ya ukaguzi. Kwa Zanzibar kazi hiyo ina mwenyewe: sheha, ambaye anapaswa kujua nani anaishi katika shehia yake, nani kahamia na nani kahama. Tofauti ni kwamba sheha wa kibinadamu husubiri apelekewe habari, na paka huzifuata jikoni. Tena mita 100 za kijiji cha Uingereza chenye bustani na ua ni nyumba chache. Mita 100 za Mji Mkongwe wa Unguja, ambako roshani zinakaribia kushikana mikono juu ya kichochoro na dari moja inakupeleka kwenye dari ya pili, ni jiko baada ya jiko. Huko paka wa wastani ana shehia kubwa kuliko anavyoweza kuila.

Sababu ya ukaguzi huo kugeuka ugomvi ni saa. Paka si mnyama wa usiku kamili wala wa mchana. Maumbile yake yanamtuma kutoka kunapopambazuka na kunapokuchwa, kwa kuwa ndizo saa ambazo panya na ndege wadogo wanajianika. Muda mwingine hulala, na paka mzima anaweza kulala saa 12 hadi 16 kwa siku bila kuomba radhi kwa mtu. Sasa tazama saa zetu. Alfajiri ndipo wavuvi wanapofika diko na samaki wa usiku, na milango inafunguliwa kwa wanaotoka msikitini. Magharibi ndipo mafuta yanapochemka, samaki wamekwisha kupakwa chumvi na ndimu, na mpishi ameitwa mlangoni kupokea deni la mchezo. Hakuna aliyepanga njama. Ratiba mbili zimekutana juu ya ungo mmoja, na mwenye miguu minne ndiye aliyewahi. Asiyeamini kwamba hiki ni kisa cha saa na wala si cha tabia mbaya aende bustani ya Forodhani, huko Mji Mkongwe, wakati wachoma mishkaki wanapowasha taa. Ataona paka wamekwisha kupanga foleni kwa utaratibu ambao wateja wenyewe hawauwezi.

Na anachoiba kina maelezo. Mwaka 2005 wanasayansi wa kituo cha Monell, mjini Philadelphia, walionyesha kwamba paka haonji utamu. Jeni moja inayohitajika kutengeneza kionjio cha sukari imeharibika katika ukoo wake wote, kuanzia huyu wa jikoni hadi simba na chui. Ndiyo maana sinia la kaimati linaweza kukaa wazi kutwa na paka akalipita bila kugeuka, na halua haijapata kuibiwa na paka tangu ilipobuniwa. Hana ulafi wa kila kitu, kama tunavyomsingizia. Ana hitaji moja, nyama, na bila nyama mwili wake hauendi. Akikosa taurini, ambayo huipata katika nyama na samaki, macho yake huharibika na moyo wake hulegea. Wahenga hawakuwa na maabara, lakini walikwisha sema kwamba paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Sasa mwenye paka anayemtilia ukoko wa wali na maji ya mchicha, halafu akasimama mlangoni akishangaa vipi mtoto wake amekwenda kula kibua cha watu, huyo si shahidi katika kesi hii. Huyo ni mshiriki wa wizi. Angalau paka alihatarisha ngozi yake. Mwenzake alibaki nyumbani akiokoa pesa ya dagaa.

Hebu tulifuate tukio lenyewe mpaka mwisho wake, kwa sababu faida yake haionekani kwenye ungo mtupu. Samaki ameibwa. Aliyeibiwa hawezi kunyamaza, na paka hawezi kuhojiwa, kwa hiyo ni lazima atafutwe mwenye paka. Kumtafuta mwenye paka kunataka kuuliza, na kuuliza kunapita baraza mbili tatu, na kila baraza ina habari zake. Mpaka mlango unapatikana, aliyeibiwa amekwisha kujua kwamba bibi wa nyumba ya pembeni anaumwa miguu na kwamba maji yatakatwa kesho. “Hodi!” “Karibu, mwanangu.” “Shikamoo, bibi. Nimekuja kwa ajili ya paka wenu.” Hapo hasira imekwisha kupungua nusu, maana ni vigumu kugomba barabara baada ya shikamoo. Mwenye paka naye akiwa na adabu atapeleka fidia jioni, na ataipeleka katika sahani, na kwa desturi ya Pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Ikirudi na vitumbua, ile iliyotoka na vitumbua nayo itadai jibu. Changu mmoja ameanzisha safari za sahani ambazo hakuna kikao cha mtaa kingeweza kuzianzisha, na mwanzilishi wake amelala juu ya kanzu ya mtu akiwa hana habari.

Ndivyo ilivyo kwa makosa yake mengine. Paka akizaa watoto wanne katika kabati la nyumba isiyo yake, nyumba mbili zimepata jambo la kuzungumza kwa miezi miwili: nani awape maziwa, mtoto gani amefungua macho, na hasa nani atachukua nani. Anayechukua kitoto cha paka anachukua na mashemeji, kwa sababu nyumba alikotoka kitoto itauliza hali yake daima. Paka akipotea ndipo maajabu hasa. Mtu mzima mwenye heshima zake, anayevaa koti kazini na anayepita majirani kila asubuhi kwa kunyanyua kidevu tu, utamwona baada ya isha akipita kichochoro hadi kichochoro ameinama, akiita “pus, pus, pus” kwa sauti nyembamba ambayo mkewe hajapata kuisikia. Hakuna namna ya kulifanya jambo hilo kwa siri wala kwa hadhi. Watoto watamfuata kumsaidia, vijana wa barazani watamwelekeza kusiko, na ajuza mmoja dirishani atamwambia kwamba paka wake yuko pale tangu adhuhuri, ameshiba. Kwa matembezi hayo mtu anaweza kuujua mtaa wake kuliko alivyoujua kwa miaka yote aliyoupita ndani ya gari. Madaktari wanatuhimiza tutembee kila siku kwa afya, nasi tunatoa sababu. Paka hahimizi, anapotea.

Hoja hii si yangu peke yangu, na kwa bahati nzuri ina nasaba. Katika vitabu vya fiqhi mlango wa tohara una kisa cha Abu Qatada, sahaba aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Mkwewe aliposhangaa, akamweleza kwamba Mtume amefundisha kuwa paka si najisi, na sababu iliyotajwa ni kwamba yeye ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani. Tazama sababu hiyo ilivyokaa. Hakusifiwa usafi wake wala upole wake. Kilichotajwa ni mzunguko wenyewe: huyu anaingia na kutoka, hamuwezi kumkwepa, basi mambo yenu yapangeni mkijua yupo. Kuna na kisa cha pili, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe na asimwache akajitafutie. Sidai kwamba kila anayefunga dirisha lake yumo katika kisa hicho. Nasema tu kwamba anayesema “mfungieni” kama vile ni jambo dogo anazungumza mahali ambapo jambo hilo halijapata kuhesabiwa dogo. Na methali yetu imelifupisha: paka wa nyumba haingwa.

Historia nayo inamuunga mkono. Ng'ombe alifungwa kamba, mbuzi akatiwa zizini, kuku akafungiwa banda. Paka alikuja kwa miguu yake. Uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba, yapata miaka 10,000 iliyopita, wakulima wa kwanza waliweka nafaka ghalani, panya wakaifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Katika kisiwa cha Kupro limechimbuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Kupro haina njia ya miguu kutoka bara, kwa hiyo kuna aliyempakia chomboni. Mabaharia waliendelea kumpakia kwa karne nyingi, maana panya wa melini hula chakula, kamba na matanga bila kuchagua. Bandari zetu zilizopokea majahazi ya kaskazi kwa kaskazi ni mahali pa kawaida kabisa pa kukuta paka wengi, na Lamu hata leo mgeni huanza kuwahesabu gatini na kukata tamaa kabla hajafika sokoni. Mkataba tuliorithi basi ni wa zamani: ninyi wekeni nafaka, mimi nitaangalia panya. Hakuna ibara ndani yake inayosema atakuwa akikaa sebuleni juu ya zulia akitazama televisheni.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Atasema nimempamba mnyama ambaye hajali ujirani wala majirani, na kwamba moyoni mwake hakuna kitu isipokuwa tumbo. Nakubali, na zaidi ya alivyotarajia. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Japani waliwasikilizisha paka 20 sauti zilizorekodiwa, za wageni na za wenye kuwafuga, zikiwaita majina yao. Paka waliitambua sauti ya mwenye nyumba. Waligeuza sikio, pengine na kichwa, kisha wakabaki walipokuwa. Yaani anakusikia, anakujua, na ameamua kutokuja. Miaka minne kabla yake, Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walikuwa wamegundua kwamba paka akitaka kulishwa huchanganya ndani ya mkoromo wake sauti nyembamba ya kulia, inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na hata watu wasiowahi kufuga walihisi sauti hiyo ina haraka ndani yake. Huo ni utapeli wa kitaalamu. Lakini hoja yangu haikuegemea popote juu ya moyo wake mwema. Sheha wa kweli anaweza kuwa mtu wa kununa asiyempenda yeyote, na orodha ya wakazi ikabaki sahihi. Tunachohitaji kwa paka ni mzunguko wake tu, na katika hilo hajapata kuchukua likizo.

Pingamizi la pili ni zito, na ningelikwepa ningekuwa mtetezi mbaya. Paka huua. Kwa Marekani peke yake, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, ingawa sehemu kubwa ya mauaji hayo hufanywa na paka wasio na mwenyewe. Mji wa Walldorf, Ujerumani, mwaka 2022 uliamuru paka wa sehemu moja wafungiwe ndani majira ya kuzaana kwa ndege, ili kuokoa aina moja ya kipozamataza iliyokuwa imebaki kidogo sana. Faini zilikuwa kubwa, na ikiwa paka angeua hata mmoja, mwenye paka angeweza kudaiwa hadi yuro 50,000. Kwa bei hiyo mtu angenunua jahazi. Penye ndege adimu kama hao sina ubishi: afungiwe, na mimi nitashika ufunguo. Lakini mtaa wa kawaida una dawa nyepesi zaidi ya kifungo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha mwaka 2021 kwamba paka anayelishwa chakula chenye nyama nyingi hupunguza mawindo anayoleta nyumbani kwa asilimia 36, na anayechezeshwa dakika tano hadi kumi kwa siku huyapunguza kwa asilimia 25. Tunarudi kwa yule mshiriki wa wizi mwenye ukoko wa wali. Na kwa Unguja hasa, kabla hatujamhukumu paka kwa ajili ya ndege, tumwite shahidini kunguru aliyeletwa kutoka India miaka ya 1890, anayepora viota vya ndege wengine mchana kweupe. Kwa kunguru huyo paka si mwindaji. Ni mkia wa kuvutwa.

Tena kuna maradhi, na hapa utani una mpaka. Paka anayetembea anaweza kuumwa na mnyama mwenye kichaa cha mbwa, anaweza kupata minyoo, na kinyesi chake kinaweza kuwa na vimelea vya hatari kwa mama mjamzito. Paka jike asiyefungwa kizazi anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hapo wale mashemeji niliowasifu watageuka kuwa msiba wa vitoto vyenye njaa jalalani. Yote hayo ni kweli, na jibu la kila moja linajulikana kwa daktari wa mifugo: chanjo, dawa ya minyoo, kuhasiwa, na mjamzito aachiwe mwingine kazi ya kusafisha kinyesi. Kinachofurahisha ni kwamba paka aliyehasiwa huzurura kidogo, hupigana kidogo na hulia kidogo juu ya bati. Hivyo anayelalamikia kelele za usiku na anayelalamikia wingi wa paka wanadai kitu kimoja, na hakihitaji ufunguo wala kamba.

Nimeitaja kamba kwa sababu wako wanaoipendekeza. Ulaya na Marekani huuzwa mikanda ya kumtembeza paka kama mbwa, na wapo paka wanaoizoea. Wengine wakivalishwa hulala ubavu papo hapo, wakangoja dunia irudi katika akili zake. Wengine hutoka ndani yake kwa namna ambayo macho hayaifuatilii. Mwaka 2017 mwanafizikia wa Kifaransa, Marc-Antoine Fardin, alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kujadili kama paka anaweza kuwa yabisi na majimaji kwa wakati mmoja. Anayejaribu kumfunga mkanda anaweza kumpelekea ushahidi zaidi. Hata hivyo, wanaosema mtaa wa Lamu si mtaa wa Dar es Salaam wala Nairobi wana haki. Penye magari ya kuhesabu na punda wengi, hatari kubwa ya paka ni kukanyagwa mkia. Penye daladala na bodaboda zinazopita kasi mlangoni, kumwacha atoke ni kumuua. Huko akae ndani, apewe dirisha la kutazamia na kitu cha kukwarua, kochi lipumzike. Ila kazi yake ya kuzungukia majirani haifi kwa sababu yeye amestaafishwa. Mwenye nyumba ndiye anayeirithi. Anayefungia paka kwa ajili ya barabara, kisha na yeye akajifungia, amefanya mtaa upoteze wakaguzi wawili.

Bado kuna asiyempenda paka hata kidogo: mwenye mzio, mwenye kuogopa, na anayeamini kwamba mweusi anayekaa kizingitini usiku ametumwa na mtu. Kwa wawili wa kwanza jibu ni heshima. Nyumba ni yao, na kumfukuza paka kwa sauti na kwa maji kidogo ni haki ambayo hata paka mwenyewe anaitambua, maana hukimbia bila kukata rufaa. Jiwe na sumu si haki ya mtu. Kwa huyo wa tatu nitasema tu kwamba ikiwa kuna mtu anayeweza kumtuma paka mahali na paka akaenda, mtu huyo tumtafute haraka, maana wale watafiti wa Japani walishindwa kumfanya asogee hata kwa kuitwa jina. Na kwa wote watatu pamoja na sisi wengine, kuna chombo cha ukili kinachoitwa kawa, kilichosukwa na mabibi zetu kwa kazi hiyo hiyo ya kufunika chakula. Wasingepata tabu ya kukisuka kama walikuwa na mpango wa kufungia paka.

Basi lawama za mtaani zigawanywe upya. Anayeacha samaki wazi saa ya magharibi abebe nusu ya hasara yake. Mwenye paka abebe nusu ya pili, na juu yake gharama ya chanjo, ya kuhasi na ya dagaa wa kila siku. Paka hadaiwi kitu, kwa kuwa hana mfuko na hana majuto. Ninasisitiza sharti moja la malipo, kwa sababu nimesikia siku hizi watu wanalipana hata kwa makosa kama haya kwa kubonyeza simu, namba inaingia, ujumbe unatoka, na hakuna aliyevaa kandambili. Fidia ya namna hiyo isipokelewe. Changu arudishwe akiwa changu, awe mkubwa kidogo kuliko aliyeibwa, aje katika sahani, na aliyemleta abishe hodi, asubiri mlangoni, aulize hali za watu wote wa nyumba kwa majina yao kabla hajataja samaki.